Dagaa wa chanja ndani ya gunia la mchanga: uchambuzi wa kisa cha kikundi cha waanikaji, Ziwa Victoria

Kisa kinahusu nini

Kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja (ufuko wa kushushia samaki) wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, kilipoteza sehemu kubwa ya mtaji wake katika masika moja. Wakajenga chanja, yaani vichaga vya miti na nyavu vilivyonyanyuliwa juu ya ardhi kwa kuanikia dagaa, ili yasiwakute tena. Msimu uliofuata wakajikuta wanauza dagaa wa chanja kwa bei ileile ya dagaa wa mchangani, na baadhi yao wakarudi kuanika chini. Baadaye walibadilisha mambo kadhaa na hali ikawa afadhali, ingawa si kwa wote.

Nilikifuatilia kikundi hiki kwa karibu, kuanzia kabla ya chanja mpaka kilipopata wanunuzi wa kudumu. Jina la mwalo, la kikundi na ya watu nimeyaondoa. Bei na kiasi cha fedha pia sikuvitaja, kwa sababu anayelijua soko lile angewatambua mara moja.

Nakiandika kwa maofisa ugani, viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa mialo) na vikundi vingine vya waanikaji. Kila ninapopita naona chanja zikihimizwa kana kwamba mtu akishazijenga amemaliza kazi. Chanja ni kitu chema na ninaendelea kuzihimiza. Lakini kisa hiki kilinifundisha kwamba bei ya dagaa huanza kuamuliwa alfajiri, mwanikaji anaposimama kando ya mtumbwi na ndoo yake mkononi, kabla dagaa hawajagusa chanja wala mchanga.

Samaki mwenyewe

Tunawaita dagaa wa Mwanza, wa Musoma au wa Bukoba kulingana na gunia lilikotoka. Wakenya wanawaita omena, Waganda mukene. Wote ni samaki mmoja, kwa jina la kitaalamu Rastrineobola argentea. Yumo katika kundi kubwa la karpi, wale samaki wanaofugwa mabwawani tangu kale huko China na Ulaya, na ndugu yake mwingine tunayemjua ziwani humu ni ningu. Dagaa wa Kigoma ni wa ukoo mwingine kabisa, ule wa saladini. Anayehamisha mbinu za Kigoma kuja Ziwa Victoria akumbuke hilo.

Undugu huo una maana katika kuanika. Samaki wa kundi la karpi hawana mfuko wa tumbo. Chakula kikipita kooni kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo, na vimeng'enya vya kusaga chakula vimo humohumo. Dagaa hatumbuliwi, ni mdogo mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo anaanikwa na utumbo wake. Akifa, vimeng'enya vile haviachi kazi. Vinaanza kula ukuta wa tumbo kwa ndani. Ukimwacha ndooni mpaka saa nne asubuhi, utamwona tumbo limelegea na kupasuka, na mafuta yake yameanza kuvuja. Mafuta hayo yakikaa kwenye hewa yanachacha. Hapo ndipo unapopata dagaa wa rangi ya kahawia, mchungu mdomoni, hata kama alikauka vizuri baadaye.

Sehemu kubwa ya dagaa mbichi, karibu robo tatu ya uzito wake, ni maji. Kilo tatu hadi nne za wabichi zinatoa kilo moja hivi ya wakavu. Kuanika basi ni mbio za kuyatoa maji hayo kabla vimeng'enya, bakteria na nzi hawajamaliza kazi yao. Kwenye jua kali lenye upepo mbio hizo zinaisha siku hiyohiyo. Masika zinaweza kuchukua siku mbili au tatu, na aghalabu mwanikaji ndiye anayeshindwa.

Mwalo na watu wake

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanaelea na taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinawazingira. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mwalo una mapigo yake: siku kadhaa za kimya, halafu giza linaingia na kila mtu ana dagaa kwa wakati mmoja. Usiku wa neema unawajia waanikaji wote pamoja, na mawingu yakitanda yanawakuta wote pamoja.

Wanakikundi walikuwa wananunua kwa ndoo, pale pale majini. Wachache walilipa taslimu. Wengi walichukua mali kauli: tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anakupa dagaa leo, unamlipa ukishauza. Utaratibu huu umewainua wanawake wengi ambao wasingepata mtaji popote. Una sharti moja ambalo haliandikwi. Mwanikaji wa tajiri hachagui. Mtumbwi ukija umejaa, unachukua. Ukikataa leo, kesho ndoo zako wanapewa wengine.

Wanunuzi walikuwa wa aina mbili. Kuna wanaonunua dagaa wa chakula, wanaopeleka sokoni Mwanza na mikoani, na wengine wanaovusha mpaka kwenda Kongo. Na kuna wanaonunua kwa ajili ya chakula cha mifugo, hasa kuku. Wa pili hawajali rangi wala mchanga sana, na bei yao ni ya chini.

Masika yaliyokula mtaji

Giza liliingia katikati ya masika. Usiku wa kwanza mitumbwi ilileta kidogo, asubuhi ikawa na jua, dagaa wakakauka vizuri. Usiku wa pili walikuja wengi. Wanakikundi walichukua zaidi ya kawaida, kwa sababu jana ilikuwa imewatia moyo na kwa sababu bei ya ndoo ilishuka kadiri mitumbwi ilivyozidi kuingia.

Mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Dagaa walikuwa wametandazwa mchangani na kwenye miamba, wengine juu ya nyavu kuukuu. Waliwakusanya kwa ufagio na mabeseni, wakiwa nusu mbichi wamechanganyika na mchanga uliolowa, wakawafunika turubai. Chini ya turubai joto likapanda. Jioni waliwafunua wakaanika tena, usiku ukaingia, asubuhi wingu.

Na asubuhi hiyo mitumbwi ikafika na shehena nyingine. Wa taslimu walikataa. Wa mali kauli walichukua.

Mwisho wa giza lile walikuwa na lundo la dagaa waliovunjikavunjika, wekundu kwa kuchacha, wenye funza. Sehemu ilienda kwa mnunuzi wa kuku kwa bei ya huruma. Sehemu ilifukiwa. Deni la matajiri likabaki palepale, na baadhi ya kinamama walilipa kwa kuchukua mkopo kwenye kikoba chao, yaani deni moja lilizaa jingine.

Uamuzi wa kujenga chanja

Kwenye kikao cha baada ya hapo hoja zilikuwa mbili. Mama mmoja mtu mzima, aliyeanika tangu enzi za karabai, alisema tatizo si mchanga, tatizo ni kununua wengi wakati wa mvua. Wengine, wakiongozwa na katibu, walitaka chanja kama walizoziona kwenye mafunzo. Katibu akamwambia kwa adabu, "Bibi, hilo la kununua kidogo hatuliwezi sisi wenye matajiri. Tufanye tunachokiweza." Chanja zikashinda.

Sababu zao zilikuwa za kweli. Dagaa aliyenyanyuliwa mpaka usawa wa kiuno anapata hewa juu na chini, kwa hiyo anakauka haraka kuliko aliye ardhini. Hapati mchanga, kuku hawamkanyagi, na mvua ikija unaitupia chanja turubai bila kuzoa kitu. Walinunua nguzo, wakatandika nyavu juu ya fremu za miti, wakakubaliana ziwe za kikundi na kila mtu apewe sehemu yake.

Zilijengwa nyuma ya mwalo, kwenye uwanda uliokingwa na miamba, kwa sababu pale mbele ni njia ya mitumbwi na eneo lina wenyewe. Pia waliona pana usalama dhidi ya wezi. Hakuna aliyeuliza upepo unapita wapi.

Gunia lilipofunguliwa

Kiangazi kilichofuata chanja zilifanya kazi. Dagaa wake walikuwa weupe wanaong'aa, wamenyooka, hawana harufu kali. Ila zilikuwa chache. Usiku wa neema ulipokuja zilijaa kwa ndoo za mwanzo tu, na kilichobaki kikarudi mchangani kama zamani. Wengine walijaribu kuwabana wote juu ya chanja, tabaka nene la vidole vitatu. Juu wakakauka, chini wakachemka.

Jioni kila mama alikusanya vyake, vya chanja na vya mchangani, akavitia gunia moja. Kwao hili halikuwa udanganyifu. Gunia lilikuwa kipimo cha mauzo tangu zamani, na nusu gunia halina mnunuzi.

Mnunuzi wa chakula alikuja kutoka mjini baada ya kusikia habari za chanja. Nilikuwepo. Aliangalia mdomo wa gunia la kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akalilaza, akafungua mshono wa chini, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alitoa konzi, akaimimina polepole kutoka kiganja hadi kiganja huku akipuliza. Kilichobaki kiganjani kilikuwa mchanga. Akaweka dagaa mmoja mdomoni, akatafuna, tukausikia mchanga ukisagika.

"Mama, hawa mnasema wa chanja?"

"Wa chanja, baba. Na wengine wa chini kidogo."

"Mie mteja wangu hajui kidogo. Akitafuna mchanga mara moja harudi."

Akatoa bei ya mchangani kwa magunia yote. Walikubali, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na matajiri walikuwa wanasubiri. Wiki hiyo wanachama kadhaa waliacha zamu za chanja. Hoja yao haikuwa ya uvivu hata kidogo: kama bei ni moja, kwa nini kuhangaika?

Walichoamua baadaye, na kwa nini

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu na chenye maneno makali. Kilichowaokoa ni kwamba mweka hazina aliandika ubaoni safari ya ndoo moja, kuanzia mtumbwini mpaka kwenye gari la mnunuzi, na kila mtu akaona thamani ilipopotea: siyo juani, ni kwenye gunia.

Wakaamua dagaa wa chanja wasikutane na wa mchangani tena. Magunia ya chanja yashonwe kwa uzi wa rangi moja, na kwa kuwa mtu mmoja hajazi gunia kwa siku, wa chanja wapimwe kwa kilo na kuwekwa pamoja, kila mmoja akiandikiwa chake daftarini. Hili lilikuwa gumu kuliko kujenga chanja zenyewe. Kuchanganya dagaa wako na wa mwenzio ni kuiamini mikono yake. Walikubaliana kwamba anayeleta wenye mchanga au unyevu anarudishiwa mbele ya wote, hata akiwa mwenyekiti. Mara ya kwanza kanuni hiyo ilimkuta mwenyekiti mwenyewe. Alibeba beseni lake akaenda kuanika upya bila neno, na nadhani siku ile ndiyo iliyoishikilia kanuni.

Dagaa wa mchangani waliuzwa wazi kama wa kuku. Hapakuwa na aibu tena, wala hasara ya kujifanya ni wa chakula.

Chanja mbili zilihamishiwa kwenye kilima kidogo ambako upepo wa ziwani unafika mchana. Tofauti ilionekana siku ileile: nyuma ya miamba dagaa walikuwa bado wananata alasiri, juu ya kilima walikuwa wanavunjika kwa kidole.

Kuhusu mvua walijadili kikaushio cha nailoni, kibanda kinachoingiza jua na kuzuia mvua. Walikikataa, na naona walikuwa sahihi kwa namna kilivyopendekezwa, kwani hakikuwa na matundu ya kutosha ya kutolea unyevu. Joto bila mwendo wa hewa linampika dagaa. Badala yake walichagua chumvi. Dagaa wanaoshwa, wanatumbukizwa kwenye maji ya chumvi kwa muda mfupi, wanachujwa, kisha wanapanda chanjani. Chumvi inawazuia nzi na bakteria na kumnunulia mwanikaji siku moja zaidi ya kusubiri jua.

Matokeo

Mnunuzi yule wa mjini alirudi baada ya kupelekewa sampuli, akapasua gunia chini kama kawaida yake, na safari hii akalipa bei ya chakula. Baadaye akapatikana wa pili, anayefunga kwenye pakiti ndogo za madukani. Tofauti ya bei ilitosha kulipia nguzo na nyavu za chanja nyingine.

Masika iliyofuata hasara ilipungua sana kwa waliotumia chanja na chumvi. Haikuisha. Giza moja mvua ilinyesha mfululizo, dagaa wa chumvi nao wakaharibika, na hapo ndipo jambo ambalo halikuwa limefikiriwa lilipojitokeza: mnunuzi wa kuku aliwakataa. Chumvi nyingi inaua kuku. Walikuwa wamezoea kwamba dagaa akishindikana kwa binadamu ana pa kwenda. Kwa kumtia chumvi mlango ule ulifungwa.

Chanja za kwanza ziliingiwa na mchwa na nyingine zikaanguka. Wanachama walipungua. Waliobaki ni wale waliokuwa na fedha taslimu kidogo, na wale ambao matajiri wao walikubali masharti mapya.

Uchambuzi

Chanja zilifanya kile chanja inachoweza kufanya, yaani kumkausha dagaa upesi na bila mchanga. Haziwezi kumlazimisha mnunuzi kulipa. Bei ilipanda pale tu ubora ulipoweza kuonekana na kuthibitishwa mpaka chini ya gunia. Kwa maoni yangu daftari na ule uzi wa rangi vilikuwa na thamani zaidi ya nguzo zote, na vilikuwa na gharama ndogo mno. Mafunzo mengi ninayoyaona yanatumia siku nzima kwenye namna ya kujenga chanja, na dakika chache kwenye namna ya kufunga gunia.

Kosa la mahali zilipojengwa lilitokana na kufikiria jua peke yake. Jua linapasha moto, lakini hewa inayotembea ndiyo inayochukua maji na kuondoka nayo. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, mtu asimame pale saa saba mchana na kitambaa chepesi mkononi aone kinapepea au kinaning'inia. Kuhusu mchwa, hilo lilijulikana na mafundi wote wa kijijini, hawakuulizwa.

Idadi ya chanja pia haikupimwa dhidi ya usiku wa neema. Walijenga kwa kukadiria siku ya kawaida, wakati kazi hii haina siku ya kawaida. Ina siku za kimya na siku za mafuriko. Kikundi kisichoweza kujenga za kutosha kwa usiku mkubwa, na karibu vyote haviwezi, kinahitaji kuamua mapema ziada itakwenda wapi. Kutenga ziada kwa ajili ya kuku tangu asubuhi ni uamuzi halali wa biashara. Kuiacha iharibu gunia la chakula ndiyo hasara.

Chumvi ndiyo sehemu ninayoirudia zaidi ninapozungumza na vikundi. Kila hatua ya usindikaji inafungua soko moja na kufunga jingine. Dagaa asiyetiwa chumvi bado ana njia mbili. Aliyetiwa chumvi amebaki na moja, na kama walaji wa upande ule hawapendi dagaa wa chumvi, hana hata hiyo. Kwa hiyo chumvi itumike pale mnunuzi anajulikana kwa jina na ameshakubali, na kwa ndoo ambazo chanja zinaweza kuzibeba. Wingu likitanda zito kutwa nzima, ni nafuu kuuza wabichi papo hapo kwa wanaokaanga kuliko kuongeza chumvi na matumaini.

Sasa yule bibi aliyesema tatizo ni kununua wengi. Alikuwa sahihi kuhusu chanzo, na katibu alikuwa sahihi kuhusu uwezo wao. Kanuni ya "nunua kinachoenea kwenye chanja" ilipitishwa hatimaye, na waliifuata waliolipa taslimu tu. Mwenye mali kauli hakuwa na nafasi ya kuangalia mawingu, kwa sababu aliyeamua idadi ya ndoo alikuwa tajiri, ambaye naye alikuwa na mafuta ya injini na wavuvi wa kulipa. Huwezi kumlaumu mtu mmoja hapo. Hatari ya mvua ilikuwa inashuka kutoka mtumbwini mpaka kwa mwanikaji, na yeye hakuwa na wa kumshushia.

Kikundi kilianza kugusa jambo hili mwishoni. Walitenga sehemu ya faida ya magunia ya uzi wa rangi iwe akiba ya siku za wingu: mwanachama anakopeshwa humo ili alipe taslimu ndoo chache, badala ya kuchukua nyingi kwa mali kauli. Matajiri wawili waliipokea vizuri, kwa kuwa fedha mkononi alfajiri ilikuwa na faida kwao pia. Wengine waliendelea na utaratibu wa zamani. Akiba ile inatosha wanachama wachache kwa giza moja, na mjadala uliokuwa ukiendelea nilipoachana nao ulikuwa juu ya nani atangulie: mwenye deni kubwa zaidi, au anayeleta dagaa safi zaidi.